Mhariri, kipwa si kisiwa

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuzungumzie namna magazeti yetu ya Kiswahili yanavyoandika habari za miamba midogo, isiyokaliwa na mtu, iliyomo katika bahari za Aktiki na Antaktika.

Habari hizi huletwa na mashirika ya nje, zikatafsiriwa haraka kabla gazeti halijaingia mtamboni. Karibu kila mara neno linalotumika ni moja tu: kisiwa. Jiwe lisilozidi ukubwa wa banda la kuku ni kisiwa. Mwamba uliozama ni kisiwa. Hata pande la barafu lililobeba kokoto nalo huitwa kisiwa. Mvuvi wa Kunduchi au Kigamboni hakosei hivyo. Yeye ana kisiwa, ana mwamba, ana kipwa, ana fungu, na kila neno analiweka mahali pake. Kisiwa ni nchi kavu ambayo haizami hata siku ya bamvua, maji yanapojaa sana. Kipwa, kama jina linavyosema, huonekana maji yakipwa na kupotea yakijaa. Fungu ni mchanga uliorundikana baharini. Na mwamba unaweza kuwa juu au chini ya maji. Ule wa chini ndio unaopasua vyombo.

Sheria ya kimataifa inagawa vitu hivi karibu sawasawa na mvuvi huyo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari, uliotiwa saini Montego Bay mwaka 1982 na kuridhiwa na Tanzania mwaka 1985, unasema katika kifungu cha 121 kwamba kisiwa ni ardhi ya asili iliyozungukwa na maji na iliyo juu ya maji wakati bahari imejaa. Kifungu cha 13 kinazungumzia kile kinachoonekana maji yakipwa tu, yaani kipwa chetu. Kipwa hakina bahari yake chenyewe. Kinahesabika katika kupima mpaka pale tu kinapokuwa ndani ya maili 12 za baharini kutoka bara au kisiwa. Tena kifungu cha 121, aya ya 3, kinaongeza kwamba miamba isiyoweza kukimu makazi ya watu wala uchumi wake yenyewe haipati ukanda wa kiuchumi, unaofika maili 200, wala tako la bara, yaani sakafu ya bahari inayoendeleza nchi kavu. Bahari yake haipiti maili 12.

Hesabu yake ni hii. Jiwe moja lililo peke yake baharini, likipewa maili 12 kila upande, linazungukwa na maji yenye eneo la kilomita za mraba 1,550 hivi. Likipewa maili 200, eneo hilo linafika kilomita za mraba 431,000, karibu nusu ya Tanzania nzima. Kwa hiyo mwandishi anapobadilisha "mwamba" kuwa "kisiwa" kwa sababu tu limemjia neno hilo, amebadilisha madai ya nchi bila kukusudia. Angalizo: "mwamba" wa kifungu cha 121 ni ule usiozama. Kwa kuwa Kiswahili kinatumia neno hilo hilo kwa mwamba ulio chini, tunashauri mwandishi aandike wazi "mwamba usiozama" au "mwamba uliozama". Ni neno moja la ziada na linamaliza utata.

Ramani za baharini nazo zina alama tofauti kwa kila hali. Mwamba usiozama huchorwa kama nchi kavu, na kimo chake kinapimwa kutoka usawa wa maji kujaa. Kipwa huwekewa alama ya nyota, na tarakimu ya kimo chake hupigwa mstari chini, kwa maana kwamba kimo hicho kinahesabiwa kutoka usawa wa maji kupwa. Mwamba uliozama ambao kina chake hakijulikani ni msalaba ndani ya duara la vitone. Hapo ndipo hutokea kosa ambalo hata vitabu vya shule hulifanya: kuchukua kimo cha mwamba kutoka ramani moja na kina cha maji kutoka ramani nyingine, kisha kuvijumlisha kana kwamba vimepimwa kutoka usawa mmoja. Hapa Dar es Salaam tofauti kati ya kujaa na kupwa siku za bamvua ni mita 3 hivi. Kosa la mita 3 juu ya jiwe lenye kimo cha mita 2 linalifuta jiwe lote.

Tuchukue mfano wa kaskazini mwa Greenland, kwa sababu hakuna mahali panapoonyesha ugumu huu vizuri zaidi. Mwaka 1978 wapima ardhi wa Denmark waliona rundo la changarawe baharini, kaskazini kidogo ya Kaffeklubben Ø (Ø kwa Kidenmaki ni kisiwa), kilichopewa jina mwaka 1921 na mwanajiolojia Lauge Koch kwa heshima ya klabu ya kahawa ya wanasayansi wa Copenhagen. Rundo hilo likaitwa Oodaaq, kwa jina la Mwinuiti, mwenyeji wa Aktiki, aliyefuatana na Robert Peary katika safari yake ya mwaka 1909 kuelekea Ncha ya Kaskazini. Kwa miaka mingi vitabu vikaandika kwamba Oodaaq ndiyo nchi kavu ya mwisho kaskazini mwa dunia. Mwaka 2021 watafiti walitua kwa helikopta wakidhani wapo Oodaaq. Baada ya kuhakiki vipimo wakakuta wapo mita 780 kutoka hapo, juu ya rundo jingine lenye urefu wa mita 60 na upana wa mita 30 hivi, lililoinuka mita 3 au 4 juu ya bahari. Wakapendekeza liitwe Qeqertaq Avannarleq, maana yake kwa Kigreenland ni "kisiwa cha kaskazini kuliko vyote". Habari ikaenea dunia nzima: kisiwa kipya kimegunduliwa.

Mwaka uliofuata wapimaji walirudi, safari hii wakapima kina cha bahari kuzunguka marundo hayo. Walikuta maji ya mita 26 hadi 47. Chini ya changarawe hapakuwa na mwamba. Yalikuwa mapande bapa ya barafu yaliyokatika kutoka barafu ya nchi kavu iliyo jirani, yakabeba udongo na mawe mgongoni, yakakwama kwenye sakafu ya bahari. Kaffeklubben Ø ikarudishiwa nafasi yake. Habari ya kwanza ilichapwa kwa herufi kubwa. Masahihisho yake ni wachache waliyoyasoma.

Kilichowapotosha watu kwa zaidi ya miaka 40 ni kwamba pande la barafu lililokwama linaweza kukaa mahali pamoja kwa miaka, likapigwa picha na setilaiti mwaka baada ya mwaka bila kuhama. Njia ya kawaida ya kutenganisha jiwe na barafu, yaani kulinganisha picha za miaka mbalimbali na kuona kipi kimesogea, haifai kitu hapo. Kinachotoa jibu ni bildi, yaani kamba yenye uzito ya kupimia kina, au chombo cha mwangwi kinachofanya kazi ya bildi. Mteremko wa mwamba huinuka kidogo kidogo kutoka chini. Pande la barafu limesimama kama ukuta katikati ya maji marefu. Baadhi ya waandishi wetu huliita pande hilo "siwa barafu". Neno hilo hatulipendi, kwa sababu siwa ni kisiwa kikubwa, na linapanda mbegu ya kosa lile lile tunalolilalamikia. "Jabali la barafu" linatosha.

Upande wa pili wa mambo, yapo mawe ya kweli yanayozaliwa na mengine yanayokufa. Februari 2020 wanasayansi waliokuwa melini karibu na barafu ya Pine Island, Antaktika ya Magharibi, waliona mwamba wa matale (graniti) wenye urefu wa mita 350 hivi, ambao barafu iliyoufunika ilikuwa imerudi nyuma. Wakauita Sif, jina la mungu wa kike katika masimulizi ya kale ya Wanorwe. Hapa ni sahihi kusema umeonekana. Si sahihi kusema umeibuka jana, kwa kuwa jiwe lilikuwepo na barafu ndiyo iliyoondoka. Kaskazini mwa Iceland hali ni kinyume. Kolbeinsey, mwamba wa basalti uliopita kidogo mzunguko wa Aktiki, ulipimwa mwaka 1616 ukakutwa na urefu wa mita 700 na upana wa mita 100. Mawimbi na barafu vimeutafuna mpaka umebaki kijiwe. Iceland, iliyokuwa ikiutumia kama alama ya kupimia eneo lake la uvuvi, ilijenga juu yake sakafu ya zege ya kutulia helikopta mwaka 1989. Kufikia mwaka 2006 nusu ya sakafu hiyo ilikuwa imeporomoka baharini. Mwandishi anayenakili vipimo vya Kolbeinsey bila kutaja mwaka wa kupimwa anaandika habari za mwamba mwingine kabisa.

Sasa majina. Antaktika haina wenyeji, wala haina mamlaka moja ya kutoa majina. Mkataba wa Antaktika wa mwaka 1959, unaohusu eneo lote lililo kusini ya latitudo 60° Kusini, uliyasimamisha madai ya nchi saba bila kuyafuta wala kuyathibitisha. Kila nchi ikaendelea kutoa majina yake. Uingereza iliunda kamati ya kazi hiyo mwaka 1945, Bulgaria ikaunda tume yake mwaka 1994, na nyingine nyingi zinazo. Kuanzia mwaka 1992 Kamati ya Kisayansi ya Utafiti wa Antaktika, inayojulikana kwa kifupi cha SCAR, imekuwa ikiyakusanya majina hayo katika orodha moja. Yamezidi 35,000, na idadi ya mahali penyewe ni ndogo kuliko hiyo kwa mbali, kwa sababu jiwe moja linaweza kuwa na jina la Kiingereza, la Kihispania na la Kirusi kwa pamoja.

Mwamba haupati jina kwa baharia kuupigia kelele. Anayependekeza hutafuta kwanza katika orodha kama mahali hapo pana jina tayari. Kisha hutoa latitudo na longitudo, picha ya angani au ya setilaiti, maelezo ya umbo na kimo, sababu ya jina na tahajia yake. Kamati ya nchi husika huamua, jina huingizwa katika orodha ya SCAR, na ofisi ya ramani za baharini huliweka kwenye ramani na katika matangazo kwa mabaharia. Sera ya Marekani inakataza kabisa majina ya mbwa wa kukokota sileji, ya bidhaa za biashara, na ya marafiki wasio na mchango wowote katika uchunguzi wa bara hilo. Hatua inayorukwa mara nyingi ni ile ya kwanza, ya kutafuta jina lililopo, na matokeo yake ni jiwe moja kuonekana mara mbili katika ramani ya nchi ya tatu, kila jina likiwa na nukta yake.

Kwa mfasiri wa Kiswahili kanuni tunayoipendekeza ni fupi: tafsiri aina, acha jina. Katikati ya mlango wa Neptunes Bellows, kwenye kisiwa cha Deception, Antaktika, upo mwamba uliozama mita 2.5 tu chini ya maji. Unaitwa Ravn Rock. Ravn kwa lugha za Skandinavia ni ndege wa jamii ya kunguru, na mfasiri mwenye bidii angeandika "Mwamba wa Kunguru". Lakini jina hilo, lililotolewa na msafara wa Kifaransa wa Charcot wa miaka ya 1908 hadi 1910, linahusishwa na meli ya kuwindia nyangumi iliyoitwa Ravn. Ndege hayumo. Andika "mwamba wa Ravn", na msomaji akitaka kuutafuta kwenye ramani ataukuta. Deception yenyewe ni mtego mwingine. Kwa Kiingereza ni udanganyifu, kwa sababu ukikitazama kwa nje ni kisiwa cha kawaida, kumbe ndani ni shimo la volkano lililojaa bahari. Kwa Kihispania ni Decepción, neno ambalo kwa kawaida lina maana ya kuvunjika moyo. Anayetafsiri kutoka Kiingereza na anayetafsiri kutoka Kihispania watatoa visiwa viwili visivyofanana kwa mahali pamoja.

Maana ya jina ikiwa na faida, ielezwe pembeni. Danger Islands, karibu na ncha ya Rasi ya Antaktika, ziliitwa hivyo na baharia Mwingereza James Clark Ross tarehe 28 Desemba 1842 kwa sababu zilijificha katikati ya mapande mazito ya barafu mpaka meli ilipokuwa imezikaribia mno. Maelezo hayo yanamfundisha msomaji jambo. Visiwa hivyo hivyo mwaka 2018 viliripotiwa kuwa na jozi 751,527 za pengwini aina ya Adelie, waliogunduliwa kwanza kwa rangi ya kinyesi chao katika picha za setilaiti. "Visiwa vya Danger, yaani hatari" inatosha. Na apostrofi ya Kiingereza, ile alama ya ’ kabla ya s, usiirudishe ulipoikuta imeondolewa: majina rasmi ni Neptunes Bellows, na Haggits Pillar kwa ile nguzo ya mwamba iliyo pembeni ya kisiwa cha Scott.

Aktiki ni tofauti, kwa kuwa wenyeji wapo na majina yao yalitangulia. Kisiwa cha Hans, chenye kilomita za mraba 1.3 kati ya Greenland na Canada, kiliitwa hivyo kwa jina la Hans Hendrik, Mgreenland aliyezitumikia safari kadhaa za uchunguzi wa karne ya 19. Wainuiti wanakiita Tartupaluk, kwa kulifananisha umbo lake na figo. Canada na Denmark zilipokubaliana kukigawana tarehe 14 Juni 2022, majina yote mawili yalistahili kuandikwa. Kuandika la kizungu peke yake ni kuwafuta waliowinda hapo kabla ya ramani kuchorwa.

Tumefika kwenye kosa linalotusumbua kuliko yote, nalo ni letu wenyewe wa Kiswahili. Ni vifupisho vya pande za dunia. Kaskazini na Kusini vyote vinaanza na K. Mashariki na Magharibi vyote vinaanza na M. Tumeona ramani za kufundishia zenye "60° K" na "40° M", na mwalimu hana njia ya kujua kama ni karibu na pwani ya Greenland au katika bahari ya Antaktika. Kwa Dar es Salaam msomaji atakisia, kwani anajua alipo. Kwa jiwe la ncha za dunia hana cha kukisia. Iandikwe Kas., Kus., Mash. na Magh., au neno zima. Nafasi ya herufi tatu zaidi haijawahi kulishinda gazeti.

Dakika pia zisikatwe hovyo. Dakika moja ya latitudo ni maili moja ya baharini, mita 1,852 hivi, popote ulipo. Dakika ya longitudo hupungua kadiri unavyokwenda kwenye ncha: hapa Dar es Salaam ni mita 1,840 hivi, kwenye latitudo 60° ni nusu ya maili, na kule Kaffeklubben, kwenye latitudo 83°40′ Kas., ni mita 200 tu. Kwa hiyo kukata latitudo kwenye dakika kamili, yaani kwenye maili nzima, kunaweza kuyafanya marundo mawili yaliyoachana mita 780 yaonekane yapo latitudo moja.

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya wataalamu. Tarehe 28 Januari 1989 meli ya Argentina, Bahía Paraíso, iligonga mwamba uliozama karibu na kituo cha utafiti cha Palmer, Antaktika, na kumwaga lita 600,000 hivi za mafuta katika maji ya pengwini. Agosti 2010 meli ya watalii Clipper Adventurer ilipanda juu ya kipande cha mwamba kaskazini mwa Canada ikiwa na abiria 128. Mwamba huo ulikuwa umegunduliwa mwaka 2007 na tangazo likatolewa kwa mabaharia. Halikuwa limeandikwa kwenye ramani iliyokuwa melini. Habari ilikuwepo, ila haikufika kwenye karatasi iliyotazamwa.

Nasi tunalo jiwe letu la kujifunzia. Kilomita 70 hivi mashariki ya mdomo wa bandari ya Dar es Salaam, kwenye 6°54′ Kus. na 39°56′ Mash., kipo kisiwa bapa cha matumbawe chenye urefu wa mita 300 hivi, kimo chake mita 3, hakuna mtu, ndege wa baharini ndio wanaotaga. Ramani za kigeni zinakiita Latham, kwa jina la meli ya Kiingereza ya karne ya 18. Wavuvi wanakiita Fungu Kizimkazi, na wengine Fungu Mbaraka. Kwa aina si fungu, kwa maana ni cha matumbawe na hakizami. Kwa jina ni fungu, na jina halibadilishwi kwa sababu hiyo, kama ambavyo "Ø" ya Oodaaq Ø ilibaki ikisema kisiwa mahali pasipo na kisiwa. Katika atlasi za shule tunazozijua ama hakipo, ama kimeandikwa Latham peke yake. Tunaomba wachapishaji, na gazeti lako kila linapokitaja, waandike: "kisiwa cha Fungu Kizimkazi, pia Fungu Mbaraka au Latham, 6°54′ Kus., 39°56′ Mash."

Wachora ramani na walimu wa jiografia,
Dar es Salaam